Maiki za bei nafuu kwa sauti za wazee: shajara ya mradi, Lamu

Februari, kaskazi bado inavuma

Mradi ni huu: kurekodi tenzi na kasida walizohifadhi wazee wa jamaa yetu, humu humu nyumbani, kwa vyombo ambavyo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuvinunua. Naanza na Bibi, mamake baba, kwa sababu ana tungo kichwani ambazo sijaziona katika karatasi yoyote, na kwa sababu yeye mwenyewe anataka. Wa pili ni Maalim, ndugu yake mdogo, aliyesomesha madrasa miaka mingi na ambaye sauti yake bado inajaza chumba. Nyumba ni ya mawe, ya zamani, mtaa wa Mkomani. Fungu la fedha ni shilingi 20,000, na humo lazima zitoke maiki, waya, stendi na kila kitu kingine. Laptopu ninayo. Programu nitakayotumia ni Audacity, ambayo haina malipo.

Kabla ya kuulizia bei nimeandika kwanza ninachotaka kusikia. Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, kina sauti ambazo rekodi mbaya huziua. Kuna p ya pumzi na p kavu: paa wa mwituni na paa la nyumba, mwenyeji hawachanganyi hata akiwa amefumba macho. Kuna ta ya meno na ta ya ufizi. Tofauti hizo ni pumzi fupi na mchakacho mdogo tu, na sehemu kubwa yake inakaa juu, kwenye masafa ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) elfu kadhaa, mahali ambapo sauti iliyobanwa ili ipite upesi kwenye simu huanza kupoteza nyama. Bibi akisoma, uzuri mwingi uko pale. Maiki itakayoyapoteza haya haitufai, hata tukipewa bure.

Baada ya kuulizia madukani

Nimepiga simu Mombasa, na binamu aliyeko Nairobi amenipitia barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya vyombo vya umeme. Kwa bei yetu kuna aina mbili za kuchagua.

Dainamiki ina kiwambo kilichoshikana na koili ya waya iliyokaa ndani ya sumaku. Sauti ikikisukuma kiwambo, koili inacheza na umeme mdogo unazaliwa. Haitaki umeme wa nje, inastahimili kuangushwa, haijali sana unyevu, na sauti za mbali huzisikia kwa shida. Kondensa ina bamba mbili zilizokaribiana, moja nyembamba mno inayotikisika; nafasi baina yao ikibadilika, umeme nao hubadilika. Kwa kuwa kiwambo chake hakibebi koili, ni chepesi, na sauti za juu huzinasa vizuri zaidi. Lakini inataka kutiwa nguvu, kwa kawaida volti 48 zinazopanda kwenye waya ule ule wa sauti kutoka kwenye intafesi, kile kisanduku kinachounganisha maiki na laptopu. Kondensa aliibuni E. C. Wente wa kampuni ya Western Electric, Marekani, mwaka 1916, na kwa miaka mingi ilikuwa chombo cha wenye fedha. Walioishusha bei ni Gerhard Sessler na James West, katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1962, kwa elektreti: utando mwembamba unaobaki na chaji yake daima, kwa hiyo hauhitaji kuchajiwa upya. Vijimaiki vya kubana kwenye nguo vinavyouzwa kila duka la simu vimetokana na kazi hiyo.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni tofauti ya nguvu. Chukua maiki mbili zinazojulikana, Shure SM58, dainamiki iliyoko sokoni tangu 1966, na Audio-Technica AT2020, kondensa. Kwa sauti ile ile, ya kwanza hutoa milivolti 1.85, ya pili milivolti 14.1. Ni zaidi ya mara saba, yaani desibeli 17 na ushei kwa kipimo cha nguvu za sauti. Anayenunua dainamiki, kisha akakaa mbali nayo, atalazimika kukizungusha kitufe cha intafesi hadi mwisho, na huko mwisho ndiko mvumo unakokaa. Basi bei ya maiki isitazamwe peke yake. Dainamiki inataka mdomo uwe karibu nayo, na pia inataka intafesi isiyovuma. Kondensa inataka chumba kimya.

Neno kuhusu SM58, kwa kuwa kila mtu huipendekeza. Za bandia ni nyingi. Mtengenezaji ameandika uzito wake kuwa gramu 298, na mzani wa duka la viungo unatosha kuipima. Ikipungua sana, iache hapo hapo. Ikitimia bado si ushahidi kamili, ila umeshaondoa nyingi. Kwa fungu letu halisi yake ni ghali, kwa hiyo nimeivua katika hesabu.

Kuna pia maiki za USB, ambazo intafesi imo ndani yao. Kwa mtu anayeanza bila chochote na atakayerekodi sauti moja tu, napendelea zile dainamiki zenye matundu yote mawili, la USB na la XLR (lile la mviringo la pini tatu), kama Samson Q2U: leo unachomeka kwenye laptopu, kesho ukipata intafesi maiki ni ile ile. Sisi intafesi tunaitaka tangu mwanzo, kwa sababu maiki zitakuwa zaidi ya moja, zikitumika kwa zamu.

Machi, vipimo

Maiki tatu zimekusanyika. Dainamiki ya mkononi ya kuazima, kutoka kwa rafiki wa Langoni anayefunga vyombo vya harusi. Kondensa kubwa ya bei ya chini, ya binamu, iliyokuja na waya wa kuchomeka moja kwa moja kwenye tundu dogo la laptopu. Na kijimaiki cha kubana, Boya BY-M1, chenye waya wa mita 6 na betri ndogo ya LR44, hicho nimekinunua. Intafesi ya tundu moja la XLR imekuja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti.

Maalim amesoma beti zile zile kwa kila maiki, sabuleni, yaani chumba cha wageni, amekaa mahali pale pale. Kisha nimezisawazisha rekodi zote ziwe na nguvu moja. Hili ni la lazima, kwani sikio hupenda iliyo kubwa na kuidhania ndiyo nzuri. Nikazipa faili majina ya alif, be na te, nikampa Shangazi hedifoni bila kumwambia ipi ni ipi.

Kondensa kwenye tundu la laptopu haikufika hata kwa Shangazi. Tundu lile hutoa volti chache tu, na chini ya sauti ya Maalim kulikuwa na mvumo mzito usiokatika. Maiki haikuwa mbovu. Ilikuwa na njaa. Nilipoipeleka kwenye intafesi na kuwasha volti 48, mvumo ukapungua sana na kila kitu kikawa wazi: p ya pumzi, ta ya meno, hata mate yakitengana na ulimi. Pamoja na hayo yakaja pangaboi la nyumba ya pili, punda waliokuwa wakishushwa mchanga, injini za boti ufukoni, na kuta zote nne za sabule.

Shangazi alisikiliza zote mara mbili. Akashika be, dainamiki; alif ilikuwa kondensa. "Hapa yuko karibu nami," alisema. "Kwenye alif yuko kisimani."

Huo ndio mwelekeo wa mradi. Kwenye karatasi kondensa ni bora, na katika studio iliyopambwa sufi ni bora kweli. Katika nyumba ya mawe ya Amu, iliyozungukwa na mtaa ulio hai, hunasa ukweli mwingi kuliko tunaouhitaji.

Chumba

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo tulipopata zaidi kuliko tulichopata kwenye maiki yoyote, na hapakugharimu kitu.

Nyumba zetu zina upana uliowekwa na mti. Dari hulala juu ya boriti za mikoko, na boriti hazirefuki tutakavyo, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Sabule yetu ina upana wa mita 2.8. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zilizosilibwa zikawa laini. Kwa kuzuia kelele za nje ni neema. Kwa ndani, sauti hupiga ukuta ikarudi karibu yote.

Maalim alikuwa na tatizo moja ambalo maiki zote tatu zililionyesha: kila aliposhuka kwenye mahadhi ya chini, neno moja moja lilivimba na kuziba yaliyofuata. Nilidhani ni maiki kumkaribia mno, kwa kuwa maiki zinazosikia zaidi kwa mbele, zile za umbo la moyo, huongeza besi mdomo unapokaribia. Lakini kijimaiki cha kubana husikia pande zote na hakina tabia hiyo, nacho kilivimba vile vile. Basi ni chumba.

Hesabu yake ni fupi. Katika joto la hapa sauti hwenda karibu mita 347 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu yake inaenea baina ya ukuta na ukuta, mita 2.8, ni la hezi 62. Hilo liko chini ya sauti ya mtu anayesoma, halitusumbui. Linalofuata ni mara mbili yake, hezi 124, na hapo ndipo pabaya, kwa sababu sauti ya mwanamume hutembea baina ya hezi 85 na 180 hivi. Wimbi la hezi 124 lina nguvu kubwa kabisa kwenye kuta na katikati ya chumba. Na maiki ilikuwa wapi? Katikati ya chumba, mahali ambapo kila mtu angeiweka. Penye utulivu wa wimbi hilo ni robo ya upana, yaani sentimita 70 kutoka ukutani.

Nimeisogeza maiki hadi sentimita 70 kutoka ukuta wa kushoto, na Maalim akasogea nayo. Uvimbe umepungua kiasi kwamba Shangazi aliuliza kama nimebadilisha chombo. Anayerekodi katika nyumba yoyote ya namna hii, Lamu, Pate au Siyu, achukue utepe wa fundi apime upana, agawanye kwa nne, aanzie hapo kabla hajatoa shilingi moja.

Kisha tumejaribu vyumba vingine. Msana, ule ukumbi, umefunguka kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, na kiwandani mtaa wote unaingia kutoka juu. Ndani, kile chumba cha nyuma kabisa, ndicho kimya kuliko vyote. Ukuta wake mmoja una zidaka kutoka chini hadi juu, na vile vishimo vya kina mbalimbali huivunja sauti badala ya kuirudisha nzima. Makofi ya mikono yakipigwa pale hayalii ule mlio wa chuma unaosikika sabuleni. Tumetandika magodoro mawili yakisimama nyuma ya msomaji, mikeka chini, na leso nene kwenye kamba mbele yake. Magodoro ni ya lazima nyuma ya msomaji kuliko nyuma ya maiki, kwa kuwa maiki ya umbo la moyo inamwangalia yeye na ukuta ulio nyuma yake.

Umbali nao ni fedha. Ukiongeza umbali wa mdomo na maiki mara mbili, sauti ya msomaji hushuka desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba unabaki karibu ulivyokuwa. Tumeweka shubiri moja, na maiki iko pembeni kidogo ya mdomo, si mbele yake, ili pumzi ya p ipite bila kuipiga. Mbele yake kuna nailoni ya soksi iliyovutwa juu ya pete ya kufumia. Chini ya hezi 80 nakata kwenye Audacity. Hapo hapana neno la mtu, pana nyayo na upepo tu.

Bibi

Dainamiki iliyomfaa Maalim haikumfaa Bibi. Sauti yake ni ndogo, na akitafuta ubeti hugeuza kichwa, hutazama juu, huinama. Kila akigeuka, neno linakwenda. Kumwambia akae kama nguzo ni kumnyima njia yake ya kukumbuka, na mimi sitamwambia.

"Kiti hiki chalia, mwanangu," alisema tulipoanza. "Niwekee mkeka." Kiti kililia kweli, kwenye rekodi kilisikika kila alipovuta pumzi. Amekaa mkekani, na nimembana kile kijimaiki kwenye upindo wa leso, shubiri moja chini ya kidevu. Sasa akigeuka, maiki inageuka naye. Kwa kuwa kinasikia pande zote hakiongezi besi, na pumzi haikisumbui. Upungufu ni mbili. Nguo ikisugua waya husikika, kwa hiyo nafanya kitanzi kidogo cha waya na kukifunga kwa utepe chini ya leso. Na kidevu hufunika sauti za juu kidogo, basi nainua desibeli 3 kwenye masafa ya hezi 4,000 hivi, si zaidi.

Kijimaiki chake nimekichomeka kwenye simu, si kwenye laptopu, na programu ya kurekodi nimeiamuru iandike WAV bila kubana. Simu iwe katika hali ya ndege, lazima; bila hivyo mawasiliano yake na mnara huingia kwenye waya kama mlio wa kukatakata. Nilipomsikilizisha, Bibi alikaa na hedifoni muda mrefu, kisha akasema, "Ubeti ule wa saba, rudi nyuma." Tukarudi. "Nimeruka mstari." Ilikuwa mara ya kwanza kujisikiliza akisoma tangu mwanzo hadi mwisho.

Aprili, ununuzi

Kondensa imerudi kwa binamu na shukrani. Fedha zimekwenda hivi: intafesi 8,000, dainamiki, Behringer XM8500, 4,500, kijimaiki 2,000, hedifoni za kufunika masikio 2,000, stendi ya meza 1,500, waya wa XLR wa mita 3, 1,000. Elfu moja iliyobaki ni betri za LR44, mkebe wa kufunga barabara na vipakiti vya silika. Ningekuwa na 10,000 tu ningenunua kijimaiki, hedifoni na stendi ya simu, nikaanza kesho. Hedifoni nisingeziacha kwa bei yoyote, kwa sababu anayerekodi bila kusikiliza hajui anachokichukua.

Maalim narekodi kwa hezi 48,000 na biti 24, mono, yaani njia moja tu ya sauti. Saa moja inachukua megabaiti 518 hivi. Vilele vya sauti naviacha desibeli 12 chini ya kikomo. Biti 24 zina nafasi ya kutosha, na Maalim akipandisha kasida hatoi taarifa.

Juni, kusi na unyevu

Umeme umekatika mara kwa mara, na imetufunza jambo: rekodi za laptopu iliyochomolewa chaja ni safi zaidi. Ule mvumo mwembamba wa hezi 50 umekwenda. Sasa tunachomoa daima, hata umeme ukiwepo.

Hewa ya bahari inakula vyuma. Baada ya kila kikao nafuta ncha za XLR kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na kijimaiki kinalala ndani ya mkebe pamoja na silika. Elektreti ikipata unyevu huanza kutoa mchakacho wa vipasuko vidogo, na hilo hakuna programu inayoliondoa vizuri. Aina ya silika niliyopata hubadilika kutoka rangi ya machungwa kuwa kijani inapojaa maji. Naianika kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo mpaka rangi irudi.

Saa ya kurekodi ni baada ya sala ya alfajiri, kabla punda hawajaanza kazi. Pangaboi linazimwa, kwa hiyo vikao ni vifupi, na maji yako karibu na Bibi.

Julai, hali ilivyo

Maalim amemaliza kasida zote alizokuwa ameziorodhesha. Faili zimepewa jina la msomaji, tungo na tarehe, na nakala ziko mahali patatu: laptopu, diski ya nje, na nyumba ya ami yangu Malindi, kwani nakala mbili katika nyumba moja huungua pamoja.

Nimenunua XLR ya pili kwa sababu waya ndio unaokufa kwanza. Jirani amekuja kuuliza anunue maiki gani kumrekodi mamake, nikampa utepe wa fundi kwanza.

Bibi anataka tuanze upya ule utenzi mrefu, kwa kuwa sasa anasikia alipoteleza, na ana beti nyingine zimemrudia usiku. Tunaanza Jumamosi.